Machela ya Kitambaa Chekundu

Mwezi uliopita nilirudi Machochwe kumpeleka baba zahanati. Siku hizi hiyo si safari. Unatoka uani, unapita jengo la mashine ya kusaga ya zamani ambalo sasa ni stoo ya saruji, unakunja kushoto, umefika. Muuguzi ni binti mdogo kutoka Morogoro, mwenye adabu zake. Alimwamkia baba shikamoo, akamwomba avue shati, akamsikiliza kifua, halafu mkono wake ukasimama kwenye bega la kulia. Pale baba ana sugu nene, ngumu kama kisigino.

"Mzee, hili bega limefanyaje?"

Baba akaniangalia mimi. Ndiyo tabia yake, maswali magumu huniachia. Nikasema ni kazi za zamani, yule binti akatikisa kichwa, yakaisha. Lakini wewe nakujua, huwezi kuridhika na jibu la namna hiyo. Kaa basi nikueleze.

Nilipokuwa mtoto Machochwe haikuwa na zahanati. Mengine tulikuwa nayo. Tulikuwa na moshi wa samadi uliofukuza mbu zizini, na maziwa ya mgando ambayo mama aliyatikisa kwenye kibuyu asubuhi, huku akiimba vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Tulikuwa na ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, ukiula unashinda nao mpaka jioni. Mahindi yakikomaa, tembo walitoka hifadhini kuja kuyala, na sisi watoto tulipewa madebe tuyapige mpaka viganja viwake moto. Mama alikuwa mtu wa kucheka. Akikolea alikaa chini kabisa, akajishika mbavu, na ukimuuliza anacheka nini alishindwa kusema.

Jumamosi nilimfuata mashineni kusaga, na huko ndiko nilikokijua chama kidogo. Nakiita hivyo kwa sababu kila mtu alikiita hivyo. Bibi yangu, mama yake baba, alisema chama kile kingeweza kulala chumba kimoja na bado mgeni akapata kitanda. Kilikuwa kinaamini ujamaa wakati ambapo wengine walikuwa wameshaukunja na kuusahau. Kiongozi wake alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Songea, aliyepangiwa kazi huku akiwa kijana na alipostaafu akagoma kuondoka. Mkono wake wa kulia alikuwa jirani yetu, mama mjane, ambaye binti yake wa pekee alifia njiani akipelekwa hospitali Mugumu kujifungua. Waliobaki walikuwa vijana wachache waliompenda mwalimu kwa sababu aliwafundisha kusoma.

Vyama vingine vilikuja na vipaza sauti na fulana. Hawa walikuwa na bango moja la kitambaa chekundu, refu, lenye maandishi meupe: ZAHANATI KWANZA. Hawakuwa na uwezo wa kuita mkutano, basi walikuja pale mashineni, kwa akili tu, maana mwanamke aliyekwisha kupanga debe lake kwenye foleni haendi popote. Mwalimu alianza kuhutubia, mashine ikawashwa, akanyamaza na mdomo wazi. Ikizimwa, aliendelea na neno lilelile alilokatiwa. Wanawake waliangua vicheko, mama yangu akiwa wa kwanza kukaa chini. Lakini walisikiliza. Mwalimu alikuwa na msemo wake, "Afya si zawadi ya mgombea," na mimi niliujua kwa moyo kabla sijajua mgombea ni mnyama gani.

Siku moja mwanaume mmoja akamkata kauli. "Mwalimu, mura, hiyo zahanati mtaijengea mate? Chama chenu hakina hata baiskeli."

Watu wakacheka sana. Mwalimu naye akacheka, lakini nilimwona jirani yetu akiangalia lile bango kwa muda mrefu. Jumamosi iliyofuata bango halikuwepo. Jirani alikuwa amelichukua, akalikunja mara mbili, akalishona kwa sindano ya magunia kwenye miti miwili mirefu ya mkaratusi. Ilikuwa machela. Kuanzia siku ile, alisema mwalimu, mama yeyote atakayeshikwa na uchungu Machochwe atabebwa mpaka Mugumu, na hakuna atakayeulizwa kadi ya chama.

Hiyo ndiyo ikawa kampeni yao. Walibeba wake wa kila chama. Mbebaji wa mbele alikuwa na kazi ya kutangaza njia, kwa sababu wa nyuma hawaoni chini. Alipaza sauti, "Jiwe!" Nyuma wakajibu, "Tumeona!" Kisha, "Shimo!" "Tumeona!" Kisha, "Maji!" Sauti zile zilipita kijijini na watu wakajua kuna mtu anapelekwa. Sisi watoto tuliugeuza mchezo. Tulimbeba mdogo wetu kwenye kanga, tukapiga kelele za jiwe na shimo kwenye uwanja uliosawazika kabisa, mpaka bibi akatufukuza na mwiko.

Baba hakuupenda mchezo ule. Alikuwa balozi wa nyumba kumi wa chama kikubwa, na heshima hiyo aliichukulia kwa uzito wote. Alisema mwalimu ni mtu mwema aliyepotea. Alisema pia kwamba gari la wagonjwa linakuja, wakubwa wamesema. Mama alimjibu, "Likija nitalipungia mkono," na baba hakujua kama ametaniwa.

Mama alikuwa mjamzito mwaka huo wa uchaguzi. Uchungu ulimshika mchana, siku ambayo chama cha baba kilikuwa na mkutano mkubwa kwenye uwanja wa mpira. Wageni walikuwa wanatoka wilayani na baba alikuwa amepewa kazi ya kuwapokea. Alikuwa amevaa koti lake la suti. Bibi alitoka chumbani kwa mama akasema mtoto amekaa vibaya, yeye hawezi kumtoa, mama apelekwe hospitali sasa hivi. Jirani hakusubiri kuitwa. Alikuja na mwalimu na vijana, machela begani.

Njia ya Mugumu ilipita kandokando ya uwanja wa mpira. Hakukuwa na nyingine.

Baba alisimama mlangoni akaitazama ile machela. Nilimwona akifikiria, na mpaka leo namwona. Mke wa balozi, amelala juu ya bango la wapinzani, anapitishwa mbele ya jukwaa wageni wameketi.

"Toeni hicho kitambaa," akasema. "Shoneni gunia."

Mwalimu akadhani hajasikia vizuri. "Mzee, tutandike blanketi juu. Halitaonekana."

"Chini litaonekana. Herufi zile zinasomeka kutoka chini."

"Tata, tafadhali," kijana mmoja akamwambia, amepiga goti kabisa. "Mama anaumia."

"Nimesema gunia. Huu ni mji wangu."

Na ulikuwa mji wake. Kwetu hakuna mwanaume ambaye angembeba mke wa mtu kutoka nyumbani kwake bila ruhusa ya mumewe, hata mwanamke akiwa anakata roho. Vijana wakainamisha macho. Bibi akapiga kelele, akamwita mwanawe majina ambayo siwezi kuyarudia, lakini hata yeye hakuishika ile machela.

Mama alitoka mwenyewe mpaka kizingitini, ameshikilia fremu ya mlango. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye nyusi. Alimwita kwa jina langu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwomba asogee apite.

"Baba Bhoke, mimi si kura."

Baba aliangalia pembeni.

Jirani yetu akakaa chini na kisu, akaanza kufumua mshono wake mwenyewe. Alikuwa ameushona ili usifumuke. Alikata uzi mmoja mmoja, machozi yakimdondokea mikononi. Vijana walikwenda kutafuta magunia, wakarudi na mawili yaliyotoboka, wakarudi tena kutafuta mengine. Akashona. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa hifadhini, na kabla hajamaliza mti wa pili tulikwishasikia mvua ikishuka milimani. Bango lilibaki limetupwa juu ya kuni.

Wakamlaza mama kwenye magunia, wakaondoka. Baba alitembea kando na koti lake. Mimi nilifuata na bibi, nimebeba furushi la kanga za mtoto. Tulipofika uwanja wa mpira, mvua ilikuwa imeshautawanya mkutano. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Jukwaa lilikuwa tupu, viti vimegeuzwa miguu juu, bendera zimelowa zikanasa kwenye milingoti yake. Niliona baba akigeuza kichwa kuangalia jukwaa, na akaendelea kuliangalia mpaka tukalipita.

Mtoni maji yalikuwa yamejaa kingo hadi kingo, mekundu, yanabeba magogo. Ng'ambo alisimama mchungaji na ng'ombe wake. Alitupigia kelele kwamba yeye amevuka sasa hivi tu, maji yakiwa magotini. "Mngewahi kidogo!" alisema. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatupa habari.

Walimshusha mama juu ya nyasi wakamfunika na koti la suti. Bibi alinigeuza uso nisione. Nilisikia mama akiomba maji, na nikawaza ni jambo la ajabu kuomba maji pale, mvua inanyesha, mto unanguruma. Hakuomba tena. Mtoto naye hakutoka. Waligeuka kurudi, mwalimu akiwa mbele, na njia nzima hakuna aliyetangaza jiwe wala shimo.

Uchaguzi ulipofika chama kidogo kilipigwa vibaya, kura zake zikawa kichekesho cha kijiji. Mwalimu hakumtaja mama katika hotuba zake za mashineni, ingawa watu walimshauri alitaje jambo lile. Alisema marehemu si wa chama. Jirani alilifua bango, akalishona tena kwenye miti.

Mvua za mwaka uliofuata mwanamke mmoja upande wa pili wa kijiji alishikwa na uchungu. Wabebaji walipopita kwetu baba alikuwa ameketi nje. Aliinuka, akavua koti, akamsogeza kijana wa mbele kwa mkono, akaingiza bega lake la kulia chini ya mti. Hakuna aliyemuuliza. Wakapita ofisi ya kata mchana kweupe, balozi wa chama kikubwa na herufi zile nyeupe zikining'inia mgongoni kwake, na waliokuwa barazani wakainuka kumtazama. Kisha nikaisikia sauti yake, ambayo nilizoea kuisikia ikitoa amri, ikisema, "Jiwe!"

Alibeba kila walipoita, miaka yote mpaka zahanati ikajengwa. Hakuchukua kadi ya kina mwalimu wala hakurudisha ya kwake. Mimi sikumwonea huruma. Nilikuwa nikimwona anarudi amechoka, bega limechubuka, nikawaza: ungembeba mmoja, baba. Mmoja tu, kwa wakati wake.

Zahanati tunayo sasa. Siku ya kuizindua palikuwa na ngoma na pilau, na wakubwa walishukuriwa mmoja baada ya mwingine. Mwalimu alikuwa amekwisha kuzikwa hapahapa Machochwe, mbali na kwao Songea. Jirani alihudhuria, akakaa kwenye jua, hakutajwa. Chama kidogo hakipo tena hata kwa jina, vijana wake wamesambaa, wengine wamevuka Sirari kutafuta maisha Kenya. Kile kitambaa kiliozea darini kwa jirani. Miti ya machela ilitiwa kwenye zizi la mbuzi na mchwa wakaimaliza. Ukiwauliza watoto wa leo habari za machela watakwambia ni kitu cha hospitali.

Nimewahi kuulizwa kama nimemsamehe baba. Sijamsamehe. Yeye hajawahi kuniomba, na nadhani anajua jibu. Ninachofanya ni kuja kutoka Tarime kila nipatapo nafasi, kumfulia, kumpaka samli kwenye lile bega usiku unapoleta baridi.

Tulipotoka zahanati siku ile jua lilikuwa kali na baba alikuwa amevimba miguu. Njia ni nyembamba pale penye stoo ya saruji, hatuwezi kwenda sambamba, kwa hiyo nilitangulia yeye akashika bega langu. Macho yake yamefifia. Palikuwa na tofali lililovunjika katikati ya njia, na kabla sijafikiria nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Jiwe."

Mkono wake ukakaza begani kwangu. Alikuwa peke yake huko nyuma.

"Tumeona," akajibu.