Kofi Lililosikika Gereji

Shangazi yangu ni fundi bodi. Gari likigongwa ubavu, yeye ndiye anayelilalia chini, nyundo mkono huu, kipande cha chuma mkono ule, analipiga mpaka mlango ukumbuke sura yake ya zamani. Gereji wanamwita Mama Bati. Kisogoni ana kovu alilopewa na fundi wake wa kwanza, mzee aliyefundisha kwa spana: ukikosea, inakujia. Nilimuuliza siku moja alivumiliaje. Akasema hakuvumilia. Mwaka wa pili aliidaka hewani, akamrudishia mwenyewe, meno mawili yakaenda. Kesho yake wakaendelea na kazi. "Alinifundisha vizuri baada ya hapo," akasema, akacheka mwenyewe.

Cha ajabu kwa mtu anayepiga vyuma kutwa ni masikio yake. Hagusi gari kabla hajaligonga kwa kifundo cha kidole, ameinamisha kichwa. Bati zima linalia, bati lililozibwa mashimo kwa dawa ya kujazia na kupakwa rangi linaguna. Madalali wa magari wanamkwepa kama deni.

Mdogo wake wa mwisho ni baba mdogo wangu. Alipoachishwa kazi ya ulinzi aliamua kuwa mchekeshaji wa video fupi. Humo yeye alikuwa baba mkali, na binti yake wa miaka saba, tunayemwita Njugu, alikuwa mtoto mtundu. Video zote ziliisha vilevile: Njugu anajibu jeuri, Baba Mdogo anapeleka mkono, kofi linalia paa, Njugu anajitupa kwenye kochi. Kofi lilikuwa langu. Nilijificha nyuma ya mlango, na mkono ukikaribia shavu nazigonganisha ndala mbili. Tulicheka mpaka tukalazimika kurudia kurekodi, na Njugu ndiye aliyecheka kuliko wote.

Ukoo mzima ulitazama. Mama alizituma kwenye kundi lake la mtaani, Shangazi akawaonyesha mafundi wenzake. Watu tusiowajua walituandikia. Mmoja alisema mtoto ana kipaji. Mwingine akasema hilo kofi dogo, ongeza, huyo hajakoma bado. Huyo alipata vicheko kuliko wote, nasi tuliyasoma maneno yake kwa sauti, Njugu akiwa katikati yetu anasikiliza.

Kisha mitihani ikaanza na mimi nikapotea kwa Baba Mdogo karibu mwezi mzima.

Mchana mmoja, nimetoka kwenye karatasi ya hesabu nimeungua kichwa, Mama akanituma gereji na chakula cha Shangazi. Mafundi walikuwa wameizunguka simu moja juu ya boneti. Ilikuwa video mpya ya Baba Mdogo. Njugu hakujibu jeuri humo. Amesimama tu, glasi ya maji imemwagika miguuni. Mkono ukaja, kofi likalia, naye akaanguka sakafuni, mbali na kochi. Mafundi wakaangua kicheko.

Shangazi alikuwa chini ya gari. Hakuona kitu, alisikia tu. Akajivuta nje taratibu, akaniuliza kama nimefika kwa Baba Mdogo wiki hii. Nikamwambia sijakanyaga tangu mitihani ianze.

"Basi nani kagonga ndala?"

Akaichukua ile simu, akaibandika sikioni kama mtu anayepigiwa, akaicheza mara tatu.

"Hiyo ni nyama," akasema.

Tukazihesabu video za nyuma zenye mlio ule. Zilikuwa kumi na moja, zote za mwezi wangu wa mitihani.

Nyundo aliiacha juu ya boneti. Alisema akienda nayo ataitumia. Mitaa miwili hadi kwa Baba Mdogo aliitembea haraka, mimi nikikimbia kidogo ili nimfikie.

Baba Mdogo alikuwa anafunga simu kwenye stendi yake ya chuma. Njugu amekaa kwenye kochi na sare ya shule. Shangazi akamwita kutoka kushoto, hakugeuka. Akazunguka, akamwita kutoka kulia, akageuka. Chini ya sikio la kushoto kulikuwa na ute wa njano uliokauka.

Baba Mdogo akaanza kujieleza. Watu wamechoka na maigizo, alisema, kofi la uongo wanalijua siku hizi, hawatazami. "Na dada, sisi sote si tulichapwa?"

Ngumi ilimkuta mdomoni akiwa bado anauliza. Baba Mdogo akaikwapua stendi, akamshukia nayo Shangazi mkononi, nikasikia mfupa ukikatika kama rula. Shangazi hata hakuutazama. Kwa mkono uliobaki alimkamata shati, akamgonga kichwa kwenye fremu ya mlango mara mbili. Damu ikaruka ukutani. Akamwangusha, akampandia goti kifuani, akamkaba koo. Miguu ya Baba Mdogo ilipiga sakafu kwa nguvu, kisha ikaanza kupiga polepole. Nikageuka kuomba msaada. Dirishani zilikuwepo simu nne za majirani, zote zimeinuliwa, hakuna aliyeingia.

Nikamvuta Shangazi bega, ni kama kuvuta ukuta. Kilichomtoa pale ni Njugu. Alikuwa ameingia chini ya meza, mikono juu ya kichwa, anajificha. Anamkimbia nani? Alikuwa anamtazama Shangazi. Shangazi akaliona hilo, vidole vyake vikalegea.

Hospitali walisema ngoma ya sikio la Njugu imepasuka, huenda ikapona nusu. Baba Mdogo alishonwa, kisha akawekwa ndani wiki mbili. Afisa wa ustawi wa jamii akamkabidhi Njugu kwa Shangazi, baada ya kumsema na yeye kuhusu ngumi zake. Ukurasa ulifutwa, lakini video bado zinazurura. Juzi mwenzangu darasani alinionyesha mojawapo akicheka, nikampiga. Nilipomuuliza Shangazi kama yote yalianza na ndala zangu, alisema ndiyo, nilianza mimi, na yeye mwenyewe alikuwa akishangilia.

Wiki iliyopita Baba Mdogo alikuja gereji, mdomo una kovu, hana simu. Akaomba kumwona mtoto. Shangazi, mkono kwenye plasta, akaishika nyundo kwa mkono wa pili. Akamwinamia Njugu aliyekuwa kando yake, sikio la kulia, akamuuliza anataka nini.

Njugu akafikiri sana.

"Aweke mikono nyuma," akasema.

Baba Mdogo akaiweka. Njugu akasogea hatua mbili, akasimama pale ambapo mkono wa mtu mzima haufiki, akaanza kumweleza habari za shule.