Marehemu Anayedarizi

"Na Nuru je? Yeye alikukosea nini?"

Nilimuuliza Mama Kadidja swali hilo nikiwa bado shule ya msingi. Alikata uzi kwa meno, akanitazama kama mtu anayetazama mvua ikija, akasema, "Enda, mama yako anakuita." Mama hakuwa ameniita.

Mama Kadidja alihamia lupango letu la Mangobo, mjini Kisangani, wakati wa mvua. Lupango letu ni nyumba tatu ndani ya uzio mmoja, na choo kimoja cha kugombania. Nyumba ya nyuma ilikuwa ya bibi yangu aliyefariki, na mama alikuwa anatafuta mpangaji mtulivu. Akaja huyu, juu ya moto, pikipiki ya kukodi, na sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba na sufuria moja. Alisalimia kila mtu, mmoja mmoja, akaingia ndani, akaanza kupigilia misumari ukutani.

Kila msumari alikuwa anaupa jina lilelile. "Djuma!" Pa. "Djuma!" Pa. Ukikunjika, anaung'oa, anaunyoosha juu ya jiwe, anaurudisha. "Djuma, leo utaingia tu."

"Djuma ni nani?" nilimuuliza mama.

"Bwana yake wa zamani. Na wewe funga kinywa."

Sikufunga. Mimi nikitaka kujua kitu nauliza mpaka watu wanachoka, na kidogo kidogo niliipata habari yote. Djuma alikuwa mfanyabiashara wa Kabondo, mtaa mwingine wa mji wetu, mwenye baleinière, zile mashua ndefu za injini zinazobeba watu na makayabu, samaki wa chumvi, kati ya Kisangani na Basoko. Waliishi pamoja miaka mingi, Mungu hakuwapa mtoto; Kadidja ni jina lake mwenyewe, "Mama" ni heshima yetu tu. Siku moja Djuma akamwambia mke wake aende kwao Opala kumuuguza kaka yake. Akaenda. Alipokuwa kule, talaka ilimfikia kwa pirogi. Mpiga kasia alishusha sanduku kwenye ukingo wa Lomami, akasema kwa aibu, "Mama, Djuma anasema usirudie tena Kabondo. Vitu vyako ni hivi."

Vitu gani? Pagne zake nzuri za kitenge hazikuwemo. Sufuria zake hazikuwemo. Ndani kulikuwa na vitu vya usichana wake tu: pete mbili za mbao za kubana kitambaa, sindano, mkasi, nyuzi za rangi. Kabla ya kuolewa, Kadidja alikuwa anadarizi. Hakufanya hivyo kwa kuuza, alipenda tu, kama wengine wanavyopenda kuimba. Djuma alimkataza wiki ya kwanza ya ndoa: "Sindano zako zitanichoma miguu."

Kwetu, sanduku lilikaa chini ya kitanda halikufunguliwa. Asubuhi alikaanga mikate na kuiuza barabarani. Alasiri alitengeneza nyumba. Aliziba paa linalovuja, akapanda pilipili mbele ya mlango, akafagia uwanja kwa nguvu kama anafuta uso wa mtu. Wamama walimshauri.

"Mama Kadidja, samehe. Moyo utapumzika."

"Nitasamehe. Aanze kunirudishia jiko langu."

"Mais jiko ni kitu gani?"

"Bon, basi umupe yako."

Wakacheka, wakamwacha.

Halafu ikaja siku ya soko. Tulikuwa watatu, mama, Mama Kadidja na mimi, tunapita kwenye meza za samaki. Mama Agathe, muuza samaki wa bandarini, alikuwa anamwagia wateja matusi yake ya kawaida. Akainua macho. Beseni ikamtoka mikononi, samaki wakaenda mpaka kwenye matope.

"Yesu! Mama Kadidja! Si ulikufaka?"

"Nani alikufa?"

"Wewe! Tulikulia! Djuma alifanya matanga, tulilala kwake, tukapika lituma ya ndizi, tukamupa pole. Alisema nyoka alikuumaka kule Opala, bakakuzika kulekule."

Mama yangu alishika kichwa. Mama Kadidja hakushika kitu. Aliuliza tu, taratibu, "Alilia?"

"Ah, alilia sana! Alijigalagaza."

"Alijigalagaza wapi, mu nyumba ama inje?"

"Inje, ku mavumbi."

"Kwa hiyo hata mavumbi yangu aliyadanganya."

Mama Agathe akaeleza yaliyobaki huku akiokota samaki. Djuma alimtaka msichana mmoja, Nuru, wa familia iliyohamia kutoka Kasongo, wageni wasiojua watu wa mji. Baba ya Nuru alishasema hatoi binti wake awe mke wa pili, wala hamtoi kwa mwanaume aliyefukuza mke. Mfiwa lakini anahurumiwa. Basi Djuma akajifanya mfiwa.

"Kesho naenda kwa baba ya binti," alisema Mama Agathe. "Mutu hawezi kula machozi yangu bure."

"Usiende," alisema Mama Kadidja. "Funga kinywa. Unipe neno lako."

Mama Agathe alimtazama, akaona kitu usoni mwake, akatabasamu. Aliapa. Si kwa wema, alitaka kuona mwisho wa mambo hayo.

Tuliporudi nyumbani nilidhani atalia. Alivuta sanduku, akalifungua, akachana shuka lake jeupe, akalibana kwenye zile pete za mbao na kukaa mlangoni penye mwanga. Vidole vilikuwa vimesahau. Herufi ya kwanza, K, ilitoka imepinda kama mguu wa mbuzi. Alijichoma, akanyonya damu, akafumua, akaanza tena. Akafumua tena. Jua lilipokuwa linaelekea mtoni, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, sindano inazama na kuibuka, na yeye alikuwa anavuma wimbo ndani ya pua. Tangu ahamie kwetu sikuwa nimemwona na furaha. Ilikuwa furaha yenye meno, lakini furaha.

Kitambaa kile kilikuwa pazia la mlango wake. Herufi nyekundu, ndege wa bluu pembeni: KADIDJA IKO HAPA.

Watu walilipenda pazia. Mmoja akataka la kwake, mwingine vitambaa vya viti vya sebule, mwingine shuka la mtoto. Aliacha kukaanga mikate. Nyumba ya bibi yangu ilijaa maua, tausi, samaki, majina ya watu. Lakini yeye alikuwa anangoja. Sisi hatukujua anangoja nini, mpaka alipoingia mwanamke mmoja mgeni na furushi la kitambaa cheupe. Alikuwa shangazi ya Nuru.

"Banasema hakuna mukono kama yako Kisangani nzima," alisema shangazi. "Nataka foronya za bibi arusi. Uweke maua na maneno mazuri."

Nilikuwa chini, nachambua pondu, majani ya muhogo, na mama.

"Bwana arusi ni nani?" aliuliza Mama Kadidja.

"Djuma, ule wa baleinière. Masikini, muke yake alikufaka Opala."

"Pole yake. Alikuwa anaitwa nani, ule muke?"

"Hatukuuliza. Mutu akiwa na uchungu, utamuuliza jina ya marehemu?"

"Ni kweli. Haifai."

Kisha shangazi akaeleza desturi ya familia yao. Mdarizi akimaliza, anakunja mwenyewe, anafunga furushi na kulishona kwa uzi. Hakuna anayelifungua, hata mama mzazi, kwa sababu jicho likitangulia kuona, baraka inaondoka. Furushi linafunguliwa siku ya arusi tu, kwenye uwanja wa bwana arusi. Shangazi anainua kitambaa kimoja kimoja, na msichana wa familia anayejua kusoma anasoma maneno kwa sauti, ili bibi wasiosoma nao wasikie.

"Kwa sauti?" aliuliza Mama Kadidja.

"Kwa sauti kabisa."

"Desturi nzuri," alisema, akapokea kitambaa kwa mikono miwili.

Siku alizodarizi foronya zile, hakuruhusu mtu kuingia isipokuwa mimi na mama. Alitumia uzi wake bora. Maua yalikuwa mazuri mno, mpaka mama alimwambia, "Mwenzangu, mbona unampendezea hivi adui yako?" Akajibu, "Nikishona vibaya, batasema ni wivu." Mama alipotoka, ndipo mimi nilipouliza lile swali la Nuru, na yeye akanifukuza kwa jina la mama.

Arusi ilikuwa kulekule Kabondo, kwenye uwanja ambao yeye mwenyewe aliufagia miaka yake yote ya ndoa. Alivaa pagne mpya, akajifunika mtandio mpaka kwenye macho, akaketi nyuma kati ya mama yangu na Mama Agathe. Mipapai aliyoipanda ilikuwa imezaa. Aliihesabu kwa macho. Djuma alikuwa mbele, kanzu nyeupe, kofia iliyonyooka, sura ya huzuni iliyoanza kupona. Nuru alikuwa amekaa juu ya mkeka, ameinamisha kichwa. Alikuwa mdogo. Sikujua kwamba alikuwa mdogo hivyo.

Shangazi akakata uzi wa furushi, akainua foronya ya kwanza. Watu wakasema aaah kwa uzuri wake. Msichana akasoma: "KARIBU MU NYUMBA YANGU." Vigelegele.

Ya pili. Msichana, kwa sauti ya shule: "MIMI KADIDJA, BIBI YA DJUMA." Vigelegele vikaanza tena, kwa mazoea, wakati akili bado iko nyuma. Vikakatika katikati, kimoja kimoja. Bibi mmoja asiyesikia vizuri aliendelea peke yake.

"Nani?" mtu aliuliza.

Djuma alisimama. "Funga hiyo kitu!" Lakini shangazi alikuwa amechanganyikiwa, mikono yake ilifuata desturi tu, ikainua ya tatu, na yule msichana, ambaye aliambiwa asome, akasoma: "SIKUFA OPALA."

Na ya nne: "MULIONILILIA, NIKO NYUMA YENU."

Watu wote wakageuka. Mama Kadidja alikuwa amesimama, mtandio umeshuka mabegani, sahani ya pilau mkononi.

"Ni muzimu!" alisema Djuma. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Muzimu anakulaka pilau?" Akaweka tonge mdomoni, akatafuna polepole, akameza. "Inapungua chumvi. Kama ningekuwa jikoni kwangu, haingepungua."

Ndipo Mama Agathe alipoipata nafasi yake. "Djuma! Urudishe machozi yangu!" Wanawake wengine wa bandarini wakadakia: "Na yangu! Na yangu!" Wakamzunguka, wanapiga makofi, wanalia kilio cha matanga kwa kejeli, mmoja akajigalagaza mavumbini kumwonyesha alivyofanya. Vijana walishika simu juu. Video ilifika Basoko kabla ya mashua yoyote.

Baba ya Nuru hakupiga kelele. Alimshika binti wake mkono, akamwinua kutoka kwenye mkeka, wakatoka katikati ya watu. Nuru alipita karibu nasi. Hina ilikuwa haijakauka vizuri, ilikuwa imechafua mtandio wake mweupe. Hakumtazama Mama Kadidja. Alinitazama mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa mtoto.

Njia nzima ya kurudi, Mama Kadidja aliimba.

Djuma hakupona. Abiria wakipanda mashua yake waliulizana kwa sauti, "Leo tunazika nani?" Aliiuza, akahamia mbali huko mto unakoteremkia, na wanaosema wamemwona wanasema amekonda. Mama Kadidja akisikia hivyo huuliza, "Amekonda namna gani? Eleza vizuri." Na anayeeleza hupewa kiti na chai.

Lakini Nuru pia alibeba yake. Nilimwona mara nyingi sokoni, na mara nyingi kulikuwa na mpumbavu wa kumtupia neno: "Bibi ya mfiwa!" Akaacha kwenda soko la Mangobo. Posa zilikuja zikarudi. Mimi nilikua, nikaingia humanités, yaani sekondari, na kila nilipomwona Mama Kadidja mlangoni na pete zake za mbao, stadi wa kazi yake, ametulia katika nyumba ambayo sasa ameinunua kabisa kwa mama, nilikuwa nampenda na kumwogopa pamoja.

Mwaka huu habari ikatufikia: Nuru anaolewa na mwalimu. Mama aliileta ikiwa moto. "Na unajua? Foronya bamenunua za mashine, ku soko. Baba yake mwenyewe alizifungua moja moja, mchana, mbele ya dirisha. Anageuza hata ndani!"

Mama Kadidja alicheka mpaka sindano ikaanguka. Mama naye akacheka, akaenda kuangalia chungu chake. Nilibaki naokota sindano. Kicheko kilipokwisha, alipitisha kidole juu ya ua ambalo halijamalizika.

"Vicky," aliniita. "Uliniulizaka kitu, wakati ulikuwa kadogo."

"Ndiyo, mama."

"Nuru hakunikosea kitu. Nilijua. Nilijua wakati ule ninashona, nilijua kila sindano. Ningeweza kuvaa viatu, kwenda kwa baba yake, kumuambia polepole mu sebule. Arusi ingekufa kimya, na yule mutoto angelala kwake bila kuchekwa na batu. Njia ile niliiona." Akachukua sindano mkononi mwangu. "Mais mutu akikuzika mbele ya batu, utafufukia ku sebule? Nilitaka uwanja ujae. Nilitaka vigelegele vianze kwanza."

Akatia uzi kwenye tundu, mara ya kwanza tu, bila kukosa.

"Na nikimuona Nuru barabarani, mimi ndiyo ninabadilisha njia."