Magadi ya Mlenda

Siku ile ya Chamwino naikumbuka, mjukuu wangu, na wewe kaa kitako kwanza, usinilalie kwenye kochi na chipsi mayai hata hazijashuka tumboni. Umezimwagia pilipili mpaka zimebadilika rangi, sasa unashika kifua na kupapasa vidonge mfukoni. Kila siku! Nimechoka kukuona ukivitafuna kama pipi, na Jumamosi unakwenda ukweni kujitambulisha. Basi nitakuambia, hata kama aibu ni yangu.

Nilikuwa karani kijana hapa Makole, na dawa yangu ya kiungulia ilikuwa magadi. Nilikula nyama choma ya mnadani mpaka nalegeza mkanda, nasukumia na soda, najilaza. Moto ukipanda kooni, nalamba magadi. Ukishuka, narudi kula. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya kupeleka posa kwa kina Yudita, ndiye bibi yako huyu, mshenga wangu alinionya nisile njiani. Sikio la kufa halisikii dawa. Tulipita mnadani, nikala mbavu za mbuzi kwa pilipili, nikafika Chamwino nimeshiba mpaka shingoni. Na kwetu unajua, ugali wa ukweni haukataliwi; ukiukataa, umeikataa nyumba. Ukaletwa ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Tonge la tatu, kifua kikawaka. Na magadi yangu nimeyasahau Makole!

Nikaaga naenda msalani, nikakata kona hadi jikoni. Nikakuta magadi ya kupikia mlenda kando ya mafiga, nikatia kipande mdomoni. Kugeuka, bibi yake Yudita yuko mlangoni, kuni mkononi.

"Mkwe anaiba jikoni?"

"Shikamoo, bibi. Ni kiungulia."

"Marahaba. Moto umeuwasha mwenyewe huko mnadani, unakuja kuuzima kwa magadi yangu?"

Alinirudisha barazani akanisema mbele ya wote. "Asiyetawala tonge lake atatawala nyumba?" Posa ikawekwa kando. Yudita alikuwa dirishani analia, na machozi yale yaliniuma kuliko kiungulia chenyewe.

Lakini bibi hakunifukuza. Alisema nije kila Jumapili mpaka anione nakula kama mtu. Nikaenda miezi mitatu. Ugali kidogo, pilipili hapana, soda hapana, nikikimbiza tonge nakaripiwa. Nikimaliza, macho yanataka usingizi wa mchana, yeye ananipa fimbo: "Katembee na mbuzi." Nilimchukia yule bibi, Mungu anisamehe. Mwezi wa tatu nikashtuka kwamba sikumbuki mara ya mwisho kulamba magadi.

Posa ilipopokelewa, alinikabidhi bonge la magadi kwenye kitambaa. "La mlenda hili," akasema. "Nikisikia umelilamba, namchukua mjukuu wangu."

Sasa nisikilize, maana sitaki kurudia. Kula kidogo, na utafune. Chakula cha jioni ukile mapema, ukae muda wa saa mbili tatu ndipo ulale. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa matofali; kurundika mito kunakukunja tumbo tu. Pilipili, mafuta, soda, kahawa, pombe, chunguza kipi kinakuwasha ukiache, na sigara uache bila kuchunguza. Mkanda legeza, kitambi kipunguze. Kiungulia kiking'ang'ania, chakula kikikwama kooni, choo kikiwa cheusi au ukikonda bila sababu, nenda hospitali. Kifua kikibana mpaka mkononi, kimbia siku hiyo hiyo, usiseme ni pilipili. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe unayaficha kwa vidonge.

Na Jumamosi usile njiani! Nenda na njaa yako.

Mungu akufungulie mlango wa ukweni, mwanangu, akupe tumbo tulivu na mke wa kukukaripia kama wangu. Bonge lile liliishia kwenye mlenda zamani, lakini mpaka leo Yudita akinunua magadi mengine hunionyesha kwanza, ananitazama machoni, ndipo anayatia chunguni.