Usiniite Mkulima wa Brokoli

Marlys hataki kuitwa mkulima wa brokoli, ingawa brokoli anayo, tena nzuri, nyuma ya banda la kuku. Anacholima huku milimani Humboldt ni bangi, kwa leseni halali, na neno hilo hulitaja mbele ya mtu yeyote. Shida ni mtandaoni. Serikali imeruhusu, lakini wenye mitandao hawataki kuliona neno lenyewe; ukiliandika tu, akaunti inafungwa bila hodi. Ndiyo maana wauzaji wa kwetu huandika "brokoli", na wanunuzi wanaelewa.

Marlys ndiye hakuelewa. Binti yake Sequoia, ambaye sote tunamwita Koya, alipoandika kwamba brokoli ya mama iko tayari, watu wakaanza kupanda mlima na magari yao. Marlys akawapakilia brokoli. Bwana mmoja alimrudia Koya kwa upole kabisa, mfuko wa mboga mkononi, akauliza kama kuna aina nyingine. Mimi, jirani yao, nilicheka hadi nikakaa chini.

Marlys hakucheka. "Nusu ya umri wangu nimejificha vichakani, helikopta za serikali zikinitafuta," aliniambia. "Leo nimehalalishwa, ndiyo nijifiche nyuma ya mboga?"

Mwaka huo mashamba makubwa yalijaza maduka yote, na mavuno ya Marlys yakakaa ghalani bila mnunuzi. Kampuni moja ya mjini ikasema itachukua yote, mradi uso wake utumike kwenye matangazo yao. Akikataa, shamba linauzwa. Koya alimsihi akubali, akakubali shingo upande.

Mtu wa matangazo aliitwa Brent. Alikuja na kamera, shali la sufu na kinu cha mawe, akaazima kuku mmoja bandani ili akae mapajani pa Marlys. Alieleza kwamba sheria inakataza kusema bangi inatibu, kwa hiyo hakuna atakayesema. Marlys atatwanga tu majani huku akitazama mbali, na maandishi yatasema elimu hii aliachiwa na bibi yake. Mtazamaji atajijazia mengine mwenyewe.

"Bibi yangu alikuwa Mlutheri wa Minnesota," Marlys akamwambia. "Mtu akiwasha sigara kibarazani, anamtimua kwa ufagio."

Brent akacheka, akamfunika shali. Kamera ikawaka. Marlys alitwanga kidogo, nikadhani basi, wameshampata. Kisha akamweka kuku chini.

"Naitwa Marlys. Hii ni bangi. Kama inatibu, mimi sijui. Sisi tuliivuta tukacheka. Mume wangu Dell alifungwa kwa hii hii mnayoivalisha shali leo, akatoka jela mgonjwa, akafa. Ukitaka kununua, nunua. Ila usiniite mkulima wa brokoli."

Brent alizima kamera taratibu. "Mama, hiyo ya jela hatuwezi kuitumia. Inawatia watu huzuni, na mtu mwenye huzuni hanunui."

"Hata mimi inanitia huzuni. Haya, kinu chako hiki. Katwange mwenyewe."

Brent akaondoka na shali lake. Koya alilia jikoni, akamwambia mama yake kwamba ameliua shamba kwa mdomo. Baadaye Koya akanawa uso, akatoa simu. "Rudia, mama. Vilevile ulivyosema." Akarudia, kuku akipita nyuma yake, na Koya akaituma video hiyo mtandaoni.

Tulipokuwa tukinywa kahawa asubuhi iliyofuata, akaunti ilikuwa imeshafungwa. Koya aliisukuma simu katikati ya meza.

"Kuna mtu aliyewahi kuiona?" Marlys akauliza.

"Wapo. Mmoja aliandika kabla hawajaifunga, kwamba hata baba yake alifungwa jela. Anauliza yako inauzwa wapi."

Enzi za helikopta, askari walishuka na mapanga wakafyeka kila mche, na Dell alikuwa akipanda tena kabla vumbi halijatulia. Marlys akavaa buti zake za shambani.

"Fungua nyingine," alimwambia Koya. "Na uandike bangi."