Mikono Miwili, Magari Mawili

Saa tano na dakika kumi asubuhi, chini ya tumbo la ndege iliyotua sasa hivi, Daktari anainua glasi juani na kuikodolea macho kama anayesoma picha ya eksirei. Anainusa, anaimwaga, kisha anafungua kifuniko kidogo ubavuni mwa ndege na kuchomeka mpira wa gari lake. Lita mia mbili zinaanza kupanda.

Daktari hana shahada. Jina hilo alipewa na wenzake miaka kumi na tisa iliyopita kwa sababu ya glasi hiyo, na limemkaa kuliko lake la kuzaliwa. Kazi yake ni kujaza maji safi kwenye ndege za abiria. Ndiyo wanayonawia mikono, ndiyo yanayochemshwa yakawa chai.

Mita thelathini nyuma, gari jingine linasubiri kwa adabu. Hilo ni la kunyonya vyoo. Dereva wake ni kaka wa mkewe Daktari, na anaitwa Balozi, maana kila anapofika watu humpisha njia.

Sheria ya kazi ni moja: anayegusa choo hagusi maji. Hata kantini mashemeji hawa hukaa meza tofauti, ingawa hilo sheria haikulisema.

"Nimempa dada yangu mzima mzima," analalamika Balozi, "lakini chumvi kunipokea mkononi hataki."

Utani huo umebakiwa na siku nne. Wiki iliyopita kampuni ilibandika tangazo: kuanzia Jumatatu, mtu mmoja ataendesha magari yote mawili. Tangazo linaiita hatua hiyo "kuboresha ufanisi". Anayebaki ni Daktari, anayeondoka ni Balozi. Kesho Daktari anatakiwa kutia sahihi kwamba amekubali.

Alikwenda kwa msimamizi kueleza. Ndege hukaa chini dakika thelathini na tano, na zamu moja ina ndege kumi na nne. Bomba la kunawia liko ng'ambo ya maegesho, dakika sita kwa mguu. Mtu anayezunguka na tangi zima la maji hana pa kunawa.

Akakumbusha na kisa cha miaka sita nyuma, siku Balozi alipougua na aliyemshikia zamu akafanya kazi zote mbili. Maabara ilikuta vijidudu vya kinyesi kwenye tangi la ndege. Majibu yalipotoka, ndege ilikuwa imesharuka mara kumi na moja.

Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna aliyekufa.

"Nilimwambia sijui," anasema Daktari. "Abiria wanashuka, wanaenda makwao. Mtu akiharisha siku ya pili, atamlaumu aliyempikia."

Akikataa kutia sahihi, wataondoka wote wawili, na kalamu atapewa mwingine. Nyumbani wana watoto watatu, na Balozi anaishi chumba cha uani na watoto wake wawili. Mkewe Daktari alisema mara moja tu: "Tia sahihi, baba watoto. Kaka nitazungumza naye mimi."

Bado hajazungumza naye. Hakuna haja. Tangu juzi, kila ndege zikipungua, Balozi humpandisha shemeji yake kwenye gari la choo na kumfundisha, kwa sauti ya mkuu wa chuo.

"Hiki ukikivuta kabla ya kufunga kile, shemeji, utaoga bila sabuni."

Daktari anarudia maelekezo taratibu. Anakosea. Balozi anamrudisha mwanzo bila kumcheka, na hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Atatia sahihi. Anakiri akitazama viatu vyake. Mpango wake ameuhifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti: boksi la glavu, jozi hamsini, alilonunua kwa ujira wa siku moja na nusu. Kila akitoka chooni atavaa mpya kabla ya kushika mpira wa maji. Kampuni imekataa kununua mengine, na yeye hana uwezo wa boksi la pili mwezi huu.

Amepiga hesabu kwa vidole. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na ndege nane za Alhamisi.

Na zinazobaki Alhamisi hiyo?

"Hao," anasema Daktari, "wanywe soda."