Mistari Kumi na Moja ya Mapambo

Programu ya kwanza niliyowaandikia wanafunzi wangu wa Wawi, Pemba, ilikuwa na mistari kumi na minne, na kazi yake yote ilikuwa kujumlisha namba. Leo nikiiona natamani kuichana. Wakati ule niliipenda kupita kiasi. Ukiiendesha, skrini inajaa nyota kutoka ukingo hadi ukingo, kisha Assalaam alaykum, kisha karibu, kisha habari za nyumbani, kisha nyota tena. Hapo ndipo linapokuja "Jawabu lako, inshaallah, ni", halafu namba, halafu ahsante, halafu nyota za kufungia.

Mwenzangu mmoja wa Unguja, aliyeyapitia masomo kabla hatujayapiga fotokopi, aliniandikia kwa ufupi: "Maalim, punguza mapambo. Anayeanza aone namba tu."

Nilipandwa na hamaki. Hawa wa Unguja wakisikia lafudhi yetu wanacheka, nikasema moyoni, sasa wanataka kutufundisha na adabu. Kwetu Pemba mtu hakuingilii na haja yake kavu kavu. Atakuamkia, atauliza watoto, atauliza shamba, ndipo aseme alichojia. Kwa nini mashine iwe safihi? Sikuondoa hata nyota moja.

Kompyuta zilikuwa tano, wanafunzi tisa, wote watu wazima, na umeme ulikatika ulivyotaka wenyewe. Kwa hiyo masomo mengi tuliyafanya kwenye karatasi, na wao walisoma kama walivyosoma utotoni kwenye chuo cha Kurani: kwa kuhifadhi. Mtu anakaa, anatikisika kidogo, anarudia mstari kwa sauti mpaka umuingie. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na nilifurahi kuwasikia.

Aliyehifadhi kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Vitongoji, mjane, karani wa kituo cha afya. Miaka mingi aliwaandika wagonjwa kwa kalamu, kwa mwandiko ulionyooka kama ukili wa mkeka. Sasa kituo kilikuwa kinahamia kwenye kompyuta, na alikwishaambiwa: akifaulu mtihani wa kozi yetu atabaki kwenye meza yake, akishindwa atapewa kazi ya usafi.

"Fagio si aibu, maalim," aliniambia siku moja. "Lakini mie meza ile naipenda."

Siku ya mtihani swali lilikuwa jepesi: hawa hapa wagonjwa wa siku tano, andika programu itoe jumla yao. Mimi nilikuwa msimamizi. Nilipopita nyuma yake niliona jumla imetoka sawa sawa, mia na kumi na mbili. Ilikuwa imekaa katikati ya nyota zangu, chini ya salamu zangu, na inshaallah yangu mbele yake.

Mtihani ule unasahihishwa na kompyuta. Inasubiri namba, na ikikuta herufi moja ya ziada inaandika sifuri. Msimamizi haruhusiwi kufungua mdomo. Nilipiga chafya ya uongo ili aniangalie, nikahimidi kwa sauti, naye akaniitikia Yarhamukallah kwa adabu zake zote, bila ya kunyanyua macho, akaendelea kupanga nyota.

Saba walipata sifuri. Wawili waliofaulu ni wale wavivu wangu, ambao hawakuwahi kuhifadhi kitu. Niliandika barua kwa wenye mtihani kuomba kazi zisomwe upya na binadamu, nikajibiwa kuwa mashine haina upendeleo na matokeo hayabadilishwi. Niliandika ya pili, haikujibiwa. Nikakaa na ile ruwaza ya nyota mbele ya macho yangu, najichukia. Nilikuwa nimeandika kwa ajili ya kusifiwa, na waliolipa ni wao.

Wiki ya pili yule mama wa Vitongoji alikuja darasani na karatasi ya somo la kwanza, imekunjwa mara nne na kulainika kwa kushikwa. Nilijiandaa kulaumiwa. Hakunilaumu. Alinisalimia kwa kirefu, akauliza hali ya mama yangu, akauliza mguu wake kama umepoa, ndipo akaitandaza karatasi mezani.

"Maalim, nioneshe. Mistari ilokuwa ya kazi ni ipi, na ilokuwa yako ni ipi?"

Nilichukua kalamu nikaanza kukata. Nyota nilizikata. Salamu nilizikata, na karibu, na habari za nyumbani. Nilipofika kwenye inshaallah mkono ulisita, nikaikata nayo. Nilikuwa naona haya hata ya kumtazama. Mwisho ilibaki mitatu: wa kuchukua namba, wa kuzijumlisha, wa kutoa jawabu.

Aliipitia kwa kidole, mmoja mmoja, kama anayetafuta jina la mgonjwa kwenye daftari.

"Hii tu?"

"Hii tu, mama."

"Hii n'ngeiweza siku ya mwanzo," akasema. "Nlidhani yote ni lazima, maana wewe ndo uloiandika."

Nilianza kumwomba radhi. Akasema hapana neno, akaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ile ile, akaomba ruhusa ya kuondoka. Kituo hufagiliwa alasiri, na alikuwa keshachelewa.