Kamba ya Jirani Mzamiaji

Jirani yangu wa nyumba ya kona hapa Kitengela huenda Pwani kuingia ndani ya meli zilizozama, chini kabisa, mahali taa ikizimika huoni hata kidole chako. Mazoezi anafanyia hapa kwa ploti, kwenye vumbi. Kila Jumamosi anazungusha kamba yake nyeupe, ile ya kumrudisha nje ya meli gizani, kwa milingoti ya kuanikia nguo, kwa tangi la maji na kwa mkokoteni, kisha anajifunga kitambaa machoni na kuifuata kwa mkono hadi getini. Ana vidole vipana vinavyotembea polepole kama vya nesi anayetafuta mshipa wa mtoto. Ukimsalimia anajibu, “Poa sana, jirani,” lakini mkono hautoki kwa kamba.

Jumamosi iliyopita mkono ulifika mahali kamba imekatika. Akasimama. “Mama, toa kitambaa, mbuzi amekula kamba,” Halimo wa duka akamwambia. “Niache tu,” akasema. “Huko chini sitakuwa na wa kuniambia.” Akatoa kamba ya akiba mfukoni, akaifunga kwa ile ncha, akapiga magoti na kupapasa vumbi huku na huku, mpaka sisi watazamaji tukaacha kucheka. Mkono ukagusa kwato, ukapanda hadi kwa ndevu, ukavuta ncha ya pili kutoka mdomoni. Akafunga fundo, akaifuata kamba mpaka getini. Hapo ndipo alipotoa kitambaa machoni, amejaa vumbi na tabasamu.

“Sasa,” akauliza, “huyu mbuzi ni wa nani?”

Halimo alikuwa ameshaingia dukani.